Dakika Kumi za Saa Nne Asubuhi, Ukumbi wa Pili

Naomba radhi kwa kuchelewa. Kamati ya sherehe iliniomba maneno haya mwezi wa tatu, tukiwa bado tumefunga mikononi zile nyuzi nyekundu na nyeupe za kukaribisha majira, na sasa cheri za uani zimeanza kuiva. Mpiga chapa amepiga simu mara mbili. Mara ya pili aliuliza kama naandika kitabu. Siandiki kitabu. Nina mtoto wa miezi kumi na minne anayeota meno, na mama yeyote anayesoma hapa anajua hiyo maana yake ni nini. Lakini sitamsingizia mtoto. Nilichelewa kwa sababu sikujua namuaga mtu mmoja tu, au namuaga mtu pamoja na dakika kumi zake. Sikutaka kuandika kabla ya kujua. Jana nimejua, na leo naandika.

Zlatka Hinkova, mkaguzi wa ubora wa Ukumbi wa Pili, anastaafu Ijumaa tarehe 31 Mei 2024, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha makoti kwa miaka thelathini na minane na miezi minne. Katika muda huo amekosa kazi siku kumi na tisa, na kumi na mbili kati ya hizo alikuwa anazaa.

Kwa wageni ambao hawajawahi kufika Ukumbi wa Pili, ni vizuri waelewe jambo moja. Kila siku ya kazi, saa nne kamili asubuhi, cherehani arobaini na mbili huzimwa. Watu husimama palepale penye viti vyao, Zlatka huja mbele karibu na meza ya pasi, na kwa dakika kumi tunafanya mazoezi ya viungo akihesabu yeye kwa mdomo. Hakuna muziki wala nguo maalumu. Dakika ya kumi na moja cherehani zinanguruma tena. Hiki ndicho kitu kilichokuwa hatarini kutoweka mwaka huu, nami nitaeleza ilivyokuwa.

Alifika hapa Januari 1986, msichana wa miaka ishirini na mitatu kutoka kijiji cha nyuma ya kilima, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kukata nyuzi zilizobaki zikining'inia kwenye makoti yaliyokwisha. Mkasi mdogo, stuli bila egemeo, saa nane kwa siku. Baadaye akapewa cherehani, akashona bitana, akapanda kwenye kola, kisha kwenye mikono, ambayo kila fundi wa makoti anajua ndiyo sehemu ya watu wazima. Mwaka 1999 akawekwa kwenye meza ya ukaguzi chini ya taa kubwa, na hapo ndipo wengi wetu tumemkuta.

Enzi alizoanza kazi, mazoezi yalikuwa amri. Saa nne spika ya ukutani ilikohoa, ukasikika muziki wa piano, na mwanamke mwenye sauti ya mwalimu mkuu akaamuru kutoka mji mkuu nchi nzima inyooshe mikono. Zlatka hajawahi kuficha kwamba aliyachukia. Ameshatuambia mara nyingi, "Tulikuwa tunainua mikono kama watu waliokamatwa. Msimamizi anapita na karatasi, anaandika nani kainama na nani hakuinama. Nilikuwa nainama huku namtukana moyoni." Mwaka 1990 spika ikanyamaza. Hakuna aliyekuja kuitengeneza na hakuna aliyeulizia. Ukumbi mzima ulifurahi. Dakika kumi za bure, watu wakanywa kahawa na kusimuliana.

Baada ya miezi mitatu Zlatka aliitwa jina akiwa njiani kwenda nyumbani, akataka kugeuka amsalimie aliyemwita, na shingo ikakataa. Ilibidi ageuke mwili mzima, anavyogeuka ng'ombe zizini. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Kesho yake saa nne, wenzake wakiwa na vikombe, alisimama kati ya cherehani mbili akaanza kuhesabu kwa sauti, moja mpaka nane, akizungusha mabega. Walimcheka. Akarudia siku ya pili, na ya tatu. Alifanya hivyo peke yake kwa wiki mbili.

Wa kwanza kuungana naye ni Radka, yule wetu wa kola, ambaye bado yupo na anashona kuliko sisi vijana. Nilipomuuliza ni nini kilimvutia, Radka alinitazama kama nimeuliza mvua inanyesha upande gani. "Kunivutia! Nilimwonea aibu. Kasimama pale peke yake kama mnara wa kanisa, na watu wanatoa macho. Nikasema basi, bora tuonekane wendawazimu wawili." Mwisho wa mwaka walikuwa kumi na mmoja. Lile lililokuwa amri likawa hiari, na tangu siku hiyo halijawahi kuwa amri tena. Hilo Zlatka analishikilia sana. Asiyetaka husimama, hukaa, hunywa kahawa yake. Hatazamwi vibaya. Anaulizwa tu mgongo wake unaendeleaje.

Wakubwa wanayakumbuka majira ya baridi ya 1997, pale ambapo mkate ulipanda bei kati ya asubuhi na mchana na kiwanda hakikuwa na mafuta ya kuwasha boila. Mafuta ya cherehani yaliganda, vidole vikagoma kushika sindano. Zlatka akafanya dakika kumi ziwe mara tatu kwa siku, na kwa kuwa nguo za watu hazikutosha, walivaa makoti waliyokuwa wakiyashona. Ilikatazwa kabisa. Kwa hiyo waungwana fulani huko ng'ambo walinunua mwaka ule makoti ambayo tayari yalikuwa yamekwisha kuruka-ruka. Hakuna lililorudishwa.

Zlatka si daktari na hajawahi kujifanya daktari. Anachojua kimetokana na kuangalia watu wanaokaa kwenye kiti kimoja miaka mingi, vichwa vimeinama, bega la kulia limepanda. Mazoezi yake yanaanza na shingo, polepole, bila kupiga vichwa nyuma. Yanafuata mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vidole ambavyo tunavifungua na kuvifumba kama tunakanda unga. Halafu kiuno, nyonga, kuchuchumaa nusu kwa mwenye magoti mabovu na kuchuchumaa kamili kwa mwenye kiburi. Mwisho tunapanda juu ya vidole vya miguu na kushuka visigino mara ishirini na nne, ili damu iliyolala miguuni ipande. Mtu mgeni akiona atasema hakuna la maana hapo. Hapo Zlatka hakosi kumjibu. "Ndiyo, ni kidogo. Ndiyo maana unaweza kukifanya kila siku. Mtu anayekaa wiki nzima halafu Jumapili anapanda mlima mpaka anazimia, huyo ni sawa na mtu asiyekula siku sita, ya saba anameza sufuria."

Nami nimeona kwa macho yangu. Radka ana sukari, na daktari wake, ambaye si mtu wa kusifu, alimuuliza nini alichobadilisha, kwa sababu vipimo vimetulia. Alichobadilisha ni kuongeza dakika nyingine kumi jioni, akipanda na kushuka ngazi za jengo lake huku jirani wakidhani amesahau ufunguo. Wanawake waliokuwa wanaamka mikono imekufa ganzi sasa wanalala. Wawili waliokuwa hawasemezani tangu harusi ya mwaka 2011 wamepangwa mstari mmoja, na ukipanda juu ya vidole huku unayumba inabidi umshike aliye karibu. Sisemi wamepatana. Nasema wanashikana.

Siwezi kuruka habari ya Mzee Penyo, fundi wetu wa mashine. Huyu aliyaita mazoezi yetu ngoma ya kuku. Miaka kumi na moja alisimama mlangoni saa nne na kikombe chake akitutolea maoni. "Wewe wa tatu, ukiinama hivyo nani atakuinua?" "Zlatka, kuku wako wa nyuma wameshataga?" Zlatka hakumjibu hata siku moja. Kisha ikaja siku Mzee Penyo aliinama chini ya cherehani ya Radka kutafuta bisibisi, na hakuinuka. Watu wanne walimtoa pale akiwa amejikunja vilevile, wakamlaza juu ya makoti kama pasi. Aliporudi baada ya wiki tatu, mlangoni hakuonekana tena saa nne. Tulidhani ameona aibu. Siku moja nilienda kwenye kabati la vipuri kuomba sindano, nikamkuta nyuma ya kabati, peke yake, amepanda juu ya vidole, anahesabu kwa kunong'ona pamoja na sauti ya Zlatka. Akaniambia, "Ukisema, binti, cherehani yako haitapata mafuta mpaka Krismasi." Sikusema. Leo nasema kwa sababu ukumbi mzima ulijua kabla yangu, Zlatka wa kwanza. Ndiyo maana tangu siku ile alikuwa anahesabu kwa sauti kubwa zaidi, ifike kabatini.

Na mezani kwake alikuwa na kipaji ambacho sijakiona kwa mwingine. Alisoma migongo kwenye mishono. Alishika koti, akapitisha kidole gumba juu ya mshono wa bega, akamtafuta mtu kwa macho. "Nevyana, tangu saa ngapi bega la kulia linakuuma?" Mimi nilikuwa sijamwambia mtu. Mshono ulikuwa umemwambia, kwa sababu mkono uliochoka huvuta kitambaa kidogo kuelekea kwake, kiasi ambacho mteja haoni ila koti litakiona baada ya majira mawili. Hakuandika kosa. Alinirudishia koti na kuniambia nijinyooshe kwanza, nifumue baadaye.

Niliporudi kazini baada ya kujifungua nilikuwa mtu wa kuhurumiwa. Kitu cha kwanza alichofanya si kumsifu mtoto kwenye picha. Aliniambia nimwonyeshe namna ninavyomwinua, akanipa fungu la bitana linalokaribia uzito wake. Niliinua. Akashika kiuno. "Mungu wangu, kama gunia la viazi! Piga magoti kwanza. Mvute kifuani. Sasa simama na miguu, mgongo uuache upumzike, haukuzaa wenyewe." Nilifanya hivyo mara kumi mbele ya watu wote, na mwisho fungu la bitana likapewa jina. Ushauri huo pekee umenisaidia kuliko vitabu vyote vya wazazi alivyoniletea mama mkwe.

Sasa nifike pale palipotuweka roho juu.

Injinia Stamenov, meneja wetu wa uzalishaji, alikuja miaka miwili iliyopita. Ni kijana mstaarabu, anasalimia yeye kwanza, na ana saa ya kupimia aliyoitundika shingoni kwa kamba. Mwezi Machi alimwita Zlatka mbele yetu, kwa heshima kabisa. "Bi Hinkova, nimepiga hesabu. Dakika kumi mara watu arobaini na wawili ni zamu karibu nzima ya fundi mmoja, kila siku. Kwa sababu yako nimevumilia. Lakini ukistaafu wewe, nayo mazoezi yastaafu."

Tulimtazama Zlatka, tukitegemea atakasirika. Akauliza, "Kwa nini yanisubiri mimi? Yasimamishe Jumatatu. Wiki mbili. Mimi bado niko mezani, nitakagua kama kawaida. Mwisho tutazame pamoja."

Injinia alikubali kabla Zlatka hajamaliza sentensi. Radka ndiye aliyelipuka. "Zlatka! Umetuuza!"

"Sijauza kitu. Kama hayana faida, hata mimi nataka kujua. Nimeyafanya miaka thelathini na minne."

Wiki ya kwanza makoti yaliongezeka. Si uongo, yaliongezeka, na Injinia akatuletea trei mbili za mkate wa jibini aliouoka mama yake. Wiki ya pili ukumbi ulianza kuwa na sauti nyingine. Watu hawakutaniana. Saa tano unasikia mtu anashusha pumzi kama tairi. Radka alikuwa anatia mkono wake wa kulia ndani ya bakuli la maji ya moto ya kahawa, ili ulainike.

Alhamisi ya wiki hiyo mafungu ya mikono ya makoti yaliletwa yamewekwa upande usio wake. Hilo hutokea karibu kila mwezi. Mkono wa koti una alama ndogo za mkasi, moja mbele na mbili nyuma, na fundi wa kwanza akiziona hucheka, hugeuza mafungu, kazi inaendelea. Siku ile tulikuwa wanne kwenye mstari wa mikono, mimi mmojawapo, na hakuna aliyeona. Tulishona mkono wa kushoto upande wa kulia na wa kulia upande wa kushoto, tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana. Makoti thelathini na moja. Kwa fundi wa makoti hilo ni kosa la kumficha hata mama mzazi.

Zlatka alitundika la kwanza chini ya taa, akalizunguka mara moja, akamwita meneja. "Bwana Injinia, wewe na koti hili kimo kimoja. Hebu livae."

Akalivaa. Mikono ikavutwa nyuma, viwiko vikatoka nje, kifua kikabenuka.

"Vizuri," Zlatka akasema. "Sasa kunywa kahawa yako."

Alijaribu. Kikombe kilifika kwenye kifungo cha pili kikakataa kupanda. Alijaribu kukiendea kwa mdomo, akainama, na mikia ya koti ikainuka nyuma. Kutoka nyuma ya kabati ikasikika sauti ya Mzee Penyo, "Mshikeni jamani! Korongo wamerudi juzi tu toka nchi za joto, huyu anataka kuruka tena!" Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Injinia mwenyewe alicheka, na hapo nikaanza kumpenda. Sisi wanne tulicheka kidogo, maana ndio tuliofumua mpaka Ijumaa jioni.

Alipolivua lile koti, Injinia alisema kwa unyonge kwamba ameelewa, ni mazoezi. Mtu mwingine angepokea ushindi huo na kwenda nao nyumbani. Zlatka aliukataa. "Hujaelewa bado. Jumapili saa zimesogezwa mbele, watu hawajalala vizuri. Huenda ni hilo. Sitakuapia kwamba ni mazoezi. Acha makoti. Pita kila cherehani, uulize mtu mmoja mmoja panauma wapi."

Injinia akapita. Ilimchukua muda mrefu kuliko alivyofikiri. Wengine walionyesha shingo, wengine kidole gumba, wengine sehemu ya mgongo ambayo mkono haufiki. Radka alimpa mkono wake wa kulia amsalimie na akashindwa kuufumba juu ya mkono wa Injinia. Alipomaliza alirudi mezani na Zlatka akamuuliza, "Na wewe?" Kijana yule, umri wa mwanawe, akagusa kiuno kwa nyuma. Kukaa garini, alisema, na kukaa ofisini.

"Basi kesho saa nne, Bi Hinkova," akasema. "Nitasimama karibu na dirisha." Akaongeza sharti, nalo ni la haki: hataki ukumbi wa watu waliosimama wakitazamana. Kabla ya siku ya Zlatka kuondoka, jina la atakayeongoza liwe limeandikwa kwenye ubao wa matangazo. Lisipokuwepo, dakika kumi zinakwisha tarehe 31 Mei.

Tulidhani shida imekwisha, kumbe ndiyo kwanza ilianza. Watu arobaini na wawili wanaojua kila hatua kwa moyo, na hakuna aliyetaka kusimama mbele. Radka alisema akihesabu mpaka nane husahau tano, na mwakani naye anastaafu. Wengine walisema sauti yao ndogo, wengine kwamba wana waume. Mmoja alisema nyonga zake hazifai kutazamwa na umma. Tulimwomba Zlatka ateue mtu. Akakataa katakata. "Mimi hakuna aliyeniteua. Nikiteua, itakuwa spika ya ukutani tena."

Aprili ikapita, Pasaka ikapita, mayai mekundu yakavunjwa na kuliwa. Wiki iliyopita, siku ya Alhamisi, saa nne ilipofika cherehani zikazimwa, tukasimama, na Zlatka hakuja mbele. Alibaki chini ya taa yake akikagua kola. Tulisimama kama watu wanaosubiri basi. Baada ya dakika mbili mmoja akakaa, kisha wote. Ijumaa hivyohivyo. Jumatatu na Jumanne wiki hii hivyohivyo. Injinia alikuwa karibu na dirisha, na siku ya Jumanne aliitazama saa yake ya kamba. Nilielewa. Mazoezi hayakuwa yanafutwa na mtu. Yalikuwa yanajifia yenyewe mikononi mwetu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na sababu nzuri.

Jana, Jumatano, saa nne, nilienda mbele. Sina maelezo makubwa. Usiku ule nilikuwa nimemwinua mtoto vibaya, kwa haraka, kama gunia, na asubuhi sikuweza kufunga kiatu. Nikawaza kwamba hapa hakuna wa kunikumbusha tena, labda nitakumbuka nikilazimika kuwakumbusha wengine. Nikasimama karibu na meza ya pasi, uso unawaka, nikaanza na shingo. Kwenye mabega nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, saba.

"Sita umeipeleka wapi?" Mzee Penyo akapaza sauti kabatini.

"Njoo huku mbele uitafute!" nikamjibu, na sijui nilipata wapi sauti hiyo. Akatoka. Mbele ya watu wote, na kikombe mkononi, Mzee Penyo akatoka nyuma ya kabati akajipanga mstari wa mwisho. Zlatka alikuwa ameshafika hapohapo mstari wa mwisho, mahali pa wavivu na wagonjwa, na akafanya kila nilichohesabu, hata nilipokosea mpangilio nikarudia viwiko mara mbili. Hakupiga makofi. Hakulia, kama mtu alitegemea. Dakika ya kumi na moja alipita karibu yangu akielekea mezani kwake. "Unapandisha mabega yako mno. Kesho yashushe."

Mchana jina langu lilikuwa ubaoni, kwa mwandiko wa Injinia, na kalamu nyekundu.

Kwa hiyo namuaga mtu mmoja tu, si mtu na dakika zake. Kwa niaba ya Ukumbi wa Pili, pamoja na wale waliokwisha ondoka wakiwa bado wanaweza kugeuza shingo, naushukuru mkono wako, Shangazi Zlatka, na kidole gumba chako juu ya mishono yetu, na ule ukaidi wa wiki mbili peke yako kati ya cherehani mbili. Ulitukosoa bila kutudhalilisha. Ulikataa kushinda kwa jambo usilokuwa na hakika nalo, na mimi nimemweleza mtoto wangu habari hiyo ingawa bado haelewi. Nenda Balchik kwa dada yako kwa amani, utembee ufukweni asubuhi, ule samaki, ulale mchana bila aibu. Magoti yako na yakubebe miaka mingi, na asikuulize mtu yeyote saa ngapi unarudi.

Utakapokuwa umetulia huko, nina mahitaji machache. Vyote mpe dereva wa basi la Ijumaa, nitavipokea mwenyewe kituoni. Naomba mpangilio mzima kwa mwandiko wako, hasa kinachofuata baada ya vifundo vya mikono, kwa sababu hapo huwa nafumba macho. Naomba zoezi la badala kwa goti kama la Radka, na lingine kwa mwenye mimba, maana tunaye mmoja na anadhani hatujui. Naomba jibu la kumpa anayesema leo hana muda, lile fupi, si lile la kufoka. Chupa moja ndogo ya dawa yako ya kupaka mgongoni, na maelezo ya namna ya kuipika, usiache kipimo hata kimoja kwa makusudi. Viatu vyeusi vya turubai vyenye soli bapa, namba thelathini na saba. Hapa madukani vimebaki vya watoto. Na karatasi yenye majina ya wote ambao miaka hii yote walijifanya wananyoosha na hawakunyoosha. La kwangu unaweza kulikata.